Rangi za maji na tawi la kahawa: kwa nini picha moja inakula siku tatu

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Tunduma ukaomba rangi ya maji, utaletewa ndoo ya lita nne na kuulizwa kama ukuta ni wa ndani au wa nje. Muuzaji hajakosea. Kwa Kiswahili cha mtaani, rangi ya maji ni ile ya kupaka ukutani, na ndugu yake ni rangi ya mafuta ya milango na madirisha. Rangi za maji ninazozungumzia leo ni vile vidonge vidogo vilivyopangwa kwenye kiboksi, ambavyo mtoto wa shule huvilowesha kwa brashi na kuchafua nazo daftari. Wanaita mchezo wa watoto. Kiukweli ni moja ya maabara za fizikia za bei nafuu kuliko zote.

Swali letu ni hili: kwa nini picha moja yenye ukubwa wa A4, ya tawi la kahawa, kikombe cha bati na parachichi, ikuchukue siku tatu? Wachoraji huziita picha za namna hii picha za vitu tuli, yaani vitu vilivyopangwa mezani na kuchorwa vikiwa vimetulia. Ukiwa na haraka utadhani siku tatu ni uvivu. Lakini muda mwingi mchoraji hachori kabisa. Anasubiri maji yaondoke, na maji yana taratibu zake.

Picha ninayoitumia hapa niliichora Vwawa, wilayani Mbozi, mwezi Julai wakati kahawa inavunwa. Ilikuwa na kazi maalumu: kuwekwa kwenye bango la darasani likionyesha, katika tawi moja la Arabika, jani zima na jani lenye kutu, pamoja na matunda ya kila umri. Kikombe na parachichi viliwekwa ili mtoto ajue ukubwa wa jani bila kuhitaji rula. Kutu ya majani husababishwa na fangasi aitwaye Hemileia vastatrix. Juu ya jani unaona mabaka ya njano yaliyofifia. Ukiligeuza unakuta unga wa rangi ya chungwa. Majani hupukutika, mti unabaki mtupu, na msimu unaofuata mavuno yanashuka. Fangasi huyu alipoonekana Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1869, kilimo cha kahawa cha kisiwa kile kilianguka na wakulima wakahamia chai. Kwa kaya za Mbozi zinazolipa ada za shule kwa kahawa, kulijua doa la jani mapema si jambo la kujifurahisha. Kwa hiyo rangi ya lile doa kwenye bango ilipaswa kuwa sahihi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Ndani ya kidonge

Kidonge cha rangi ya maji kina vitu vichache. Kwanza kuna chembe za rangi zenyewe, unga laini usioyeyuka majini bali huelea tu, kama tope linavyoelea kwenye maji ya mto baada ya mvua. Pili kuna gundi inayozishika chembe hizo kwenye karatasi. Gundi hiyo hutoka kwenye miti ya jamii ya migunga, na Sudan ndiyo mzalishaji mkubwa duniani. Pengine umeshainywa: soma maandishi madogo ya kwenye baadhi ya soda na peremende, utaikuta imeandikwa E414. Tatu ni kitu cha kuzuia kidonge kisikauke hadi kupasuka, mara nyingi gliserini, zamani zaidi asali. Na kuna kiungo kimoja ambacho huwa kinawachekesha wenzangu: nyongo ya ng'ombe. Ndiyo, ile ile ya buchani, ikiwa imesafishwa. Nyongo hupunguza mvutano wa uso wa maji, kama sabuni inavyofanya, ili rangi itandae vizuri badala ya kujikusanya kama matone juu ya jani la gimbi.

Gundi hii ina tabia moja inayotawala kazi nzima. Ikikauka, bado inayeyuka ukiilowesha tena. Rangi ya mafuta ikishakauka imekwisha, huwezi kuirudisha nyuma kwa maji. Rangi ya maji haiko hivyo: ukipitisha brashi yenye maji juu ya tabaka la jana ukasugua mara tatu, tabaka la jana linaamka na kuchanganyika na la leo, na unapata tope. Ndiyo maana kila tabaka lazima likauke kabisa, na tabaka la juu lipitishwe kwa mkono mwepesi, mara moja, bila kurudiarudia.

Karatasi ni nusu ya kazi

Fanya jaribio dogo. Chukua kipande cha gazeti, karatasi ya fotokopi na, ukiipata, karatasi maalumu ya rangi za maji. Dondosha tone moja la maji kwenye kila moja. Kwenye gazeti tone linanyonywa na kusambaa bila mpaka. Kwenye fotokopi linakaa kidogo, halafu karatasi inajikunja. Kwenye ile ya tatu linakaa juu likiwa limetuna, kisha taratibu linazama.

Kinachovuta maji ni kile kile kinachopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa kibatari. Karatasi ni msongamano wa nyuzi, na kati ya nyuzi kuna mianya myembamba. Maji hupenda kushikamana na nyuzi kuliko kushikamana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo yanajivuta ndani ya mianya. Kwenye gazeti hakuna wa kuyazuia. Karatasi ya rangi za maji imepakwa jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na hiyo hupunguza kasi ya unyonyaji. Mchoraji anapata dakika chache za kuisukuma rangi anakotaka kabla haijazama.

Uzito nao una maana. Karatasi ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Ya rangi za maji kwa kawaida 300, na zile nzuri hutengenezwa kwa nyuzi za pamba. Uzi wa karatasi ukilowa hunenepa sana upande wa upana lakini haurefuki kiasi hicho. Sehemu moja imelowa, nyingine kavu, basi karatasi inafanya mawimbi na rangi inakimbilia mabondeni. Dawa yake ni kuilowesha karatasi yote, kuibandika kwa tepu pande zote nne kwenye kipande cha triplai, na kuiacha ikauke ikiwa imekazwa kama ngozi ya ngoma. Kama huna karatasi ya gramu 300, manila ya shuleni inaweza kukusaidia kwa mazoezi, mradi usiidai tabaka sita.

Nuru inapita mara mbili

Wengi wetu tulikua tukiona picha za tingatinga, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa kutumia rangi ya mafuta ya kung'aa. Rangi ile inafunika. Mchoraji anaweza kupaka mandhari nyeusi, halafu juu yake akaweka doa jeupe la kanga, na jeupe likabaki jeupe. Rangi za maji ni kinyume. Hazifuniki, zinachuja. Nyeupe haipo kwenye kiboksi; nyeupe ni karatasi yenyewe, na pale unapotaka mng'ao kwenye tunda ni lazima uamue tangu mwanzo kwamba hapo hapaguswi.

Nuru ya dirishani inaingia kwenye tabaka la rangi, inalipita, inagonga karatasi nyeupe, inarudi na kulipita tena tabaka lile lile kabla ya kufika jichoni. Tuseme tabaka moja jembamba linapitisha asilimia 80 ya nuru. Kwa kuwa nuru inapita mara mbili, inayorudi ni 0.8 mara 0.8, yaani asilimia 64. Ongeza tabaka la pili la namna hiyo hiyo: inabaki asilimia 41. La tatu: asilimia 26 hivi. Ona kwamba giza haliongezeki kwa hatua sawa. Tabaka la kwanza limekula asilimia 36, la pili 23, la tatu 15. Mchoraji anayetaka jani la kahawa lenye kijani kizito anaweza kulifikia kwa kupaka rangi nzito mara moja, au kwa matabaka matano mepesi. Matabaka matano yanampa nafasi ya kusimama popote katikati. Rangi nzito ya mara moja haimpi nafasi hiyo, na kuifuta ni shida.

Ongeza hapo kitu kingine kinachowasumbua wanaoanza: rangi ikiwa mbichi inaonekana imekoza, ikikauka inapauka. Khanga iliyolowa nayo inakoza, na udongo mwekundu wa Mbozi baada ya mvua vilevile. Sababu ni moja. Kati ya nyuzi kavu kuna hewa, na nuru inapotoka kwenye hewa kuingia kwenye uzi inapindishwa kwa nguvu na kutawanywa, nyingine ikirudi moja kwa moja jichoni ikiwa nyeupe. Maji yakijaza mianya, tofauti kati ya maji na uzi ni ndogo, nuru haitawanyiki sana, inazama ndani zaidi na kumezwa na rangi. Kwa hiyo mchoraji anapaka rangi iliyokoza kuliko anayoitaka, huku akiiamini akili yake na si macho yake. Hili linazoeleka, ila si siku ya kwanza.

Alama ya kikombe cha kahawa

Hapa ndipo ninapopapenda. Mwaga tone la kahawa mezani uliache likauke. Utarajie nini? Katikati ya tone ndiko kwenye kahawa nyingi, kwa hiyo doa lingekuwa zito katikati. Lakini linakauka likiwa na pete nyeusi pembeni na katikati peupe. Kila mtu ameliona hili, na kwa miaka mingi hakuna aliyelijali. Mwaka 1997 Robert Deegan, Sidney Nagel na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha maelezo yake kwenye jarida la Nature, na tangu hapo limekuwa somo kubwa, hadi kwa watengenezaji wa wino wa printa.

Maelezo ni haya. Ukingo wa tone huwa umeng'ang'ania mahali pake, hausogei ndani tone linapopungua. Wakati huo huo maji huvukizwa haraka zaidi ukingoni kuliko katikati. Sasa ukingo ukipoteza maji na hauruhusiwi kurudi nyuma, maji lazima yatoke katikati kuja kufidia. Kunakuwa na mkondo usiokatika wa kutoka ndani kwenda nje, na mkondo huo unazoa chembe. Ukifika ukingoni, maji yanaruka kuwa mvuke, chembe zinabaki. Ukitaka taswira, fikiria foleni ya malori Tunduma kuelekea Nakonde. Kila gari linasogea kuelekea mpakani. Maji yana kibali, yanavuka. Chembe hazina, zinajazana getini.

Kwenye picha ya rangi za maji hilo linatokea kila unapoweka brashi. Ule mstari mwembamba uliokoza pembeni ya kila doa, unaokujulisha kwa mbali kwamba hii ni rangi ya maji, ni pete ya kahawa. Kwenye tunda la kahawa unaitaka: inachora ukingo wa duara bila wewe kuhangaika. Kwenye kivuli laini ndani ya kikombe huitaki hata kidogo. Dawa mojawapo ni kulowesha eneo lote kwa maji matupu kwanza, kisha kugusa rangi katikati, ili ukingo wa maji uwe mbali na ukingo wa rangi. Nyingine ni kupitisha brashi safi yenye unyevu kidogo pembeni kabla mstari haujakaa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha njia ya tatu ambayo sisi wa mezani hatuna: chembe zikiwa na umbo la yai badala ya duara, zinajishika pamoja juu ya uso wa maji na pete haitokei.

Ndugu wa pete hiyo ni lile doa lenye kingo za kuchanuka kama koliflawa. Linatokea tabaka likiwa nusu kavu halafu ukaongeza tone lenye maji mengi. Maji mapya yanasukuma chembe ambazo hazijashika, yanazirundika mbele yao. Kumbe saa ya hatari si pale karatasi inapong'aa kwa maji, wala pale ilipokauka. Ni katikati, mng'ao ukiwa umetoka lakini unyevu upo. Macho hayakuambii. Mkono unakuambia: gusa kwa upande wa nyuma wa vidole. Ikiwa karatasi ni ya baridi, maji bado yanaondoka, kwa sababu kila gramu ya maji inayogeuka mvuke inabeba kama kilojuli 2.4 za joto kutoka kwenye karatasi. Mtungi wa udongo unapoza maji ya kunywa kwa hesabu hiyo hiyo. Karatasi ikiwa na joto sawa na meza, endelea.

Mwezi Julai, kwa ukavu na upepo wa kiangazi wa nyanda za juu, tabaka jembamba lilikauka kwa dakika kumi hadi ishirini. Wakati wa mvua ningesubiri mara mbili au zaidi. Wapo wanaotumia drai ya saluni. Inafanya kazi, ila ukiielekeza kwenye rangi bado mbichi upepo unaisukuma na kuunda kingo ambazo hukuzipanga. Na vumbi nalo, usilisahau. Nyumba iliyo karibu na barabara kuu ya kwenda Zambia haikuruhusu kufungua dirisha wakati tabaka linakauka.

Tawi nalo lina saa yake

Tawi lililokatwa halikusubiri. Majani yanaendelea kupumua maji nje, huku mishipa iliyokatwa ikivuta hewa badala ya maji. Kiputo cha hewa kikiingia kwenye mshipa, njia imezibwa, hata kama umelitia tawi kwenye glasi. Ndiyo maana inashauriwa kulikata tena likiwa limezama majini, sentimita mbili tatu juu ya jeraha la kwanza. Hata hivyo jani changa la ncha huanza kulegea mapema, matunda mabivu huzidi kuwa meusi, na mabichi hubaki imara zaidi. Mpangilio wa kazi unafuata mpangilio wa kunyauka.

Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa simba wake Elsa, alianza umaarufu wake Kenya kwa kuchora mimea kwa rangi za maji. Mwaka 1947 chama cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo. Michoro yake mingi inahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ukiitazama usifikirie uzuri tu. Fikiria ua lililochumwa porini, joto, na mtu anayekimbizana nalo kwa brashi ambayo haiwezi kukimbizwa.

Siku ya kwanza basi ilikuwa ya penseli na matabaka mepesi. Majani ya Arabika hukaa mawili mawili yakielekeana, matunda yakijikusanya kwenye vifundo. Ukikosea hapo hakuna rangi itakayokuokoa. Jani changa lilipakwa kwanza. Majani makubwa yalianza na bluu iliyofifia, si kijani, kwa sababu uso wake wa kung'aa unaakisi mbingu. Mahali pa mng'ao bluu hiyo ndiyo ingebaki hadi mwisho. Matunda yote, hata mekundu, yalipata njano. Nyekundu iliyopakwa juu ya njano inapata joto la tunda bivu, ambalo nyekundu peke yake juu ya karatasi nyeupe hailifikii.

Sasa lile doa la kutu. Rangi ya chungwa ukiipaka juu ya kijani hupati chungwa, unapata kahawia. Kijani kimeshameza sehemu kubwa ya nuru nyekundu, chungwa inameza kijani, kinachorudi ni kidogo na hakina rangi inayoeleweka. Na doa la kahawia kwenye jani la kahawa lina maana nyingine kabisa: linafanana na ugonjwa mwingine wa fangasi, Cercospora, wenye madoa ya kahawia yenye kitovu cheupe. Mtoto angefundishwa ugonjwa usio wenyewe, na dawa zake ni tofauti. Kwa hiyo kila doa la kutu lilizungushiwa penseli siku ya kwanza na kuachwa wazi. Kijani kilipitishwa katikati yao, tabaka baada ya tabaka, kwa siku mbili. Chungwa iliingia siku ya tatu, kwenye karatasi nyeupe, kwa brashi iliyokaribia kukauka. Brashi kavu inagusa vilele vya karatasi na kuruka mabonde, na hapo unaupata ule unga kama unavyouona chini ya jani.

Siku ya pili ilikuwa ya kukoza: matabaka ya kijani, nyekundu ya matunda, mishipa ya jani ikiachwa kwa kupaka nafasi zilizo kati yake. Kikombe cha bati kilihitaji kivuli chenye chengachenga, na hapa ukubwa wa chembe unasaidia. Bluu ya ultramarini ina chembe kubwa kiasi, zinazotua haraka kwenye mabonde ya karatasi. Bluu ya thalosiani ina chembe ndogo mno, zinaelea na kutandaa laini. Kasi ya kuzama majini inategemea mraba wa ukubwa: chembe yenye kipenyo mara kumi inatua mara mia kwa kasi. Ultramarini ilikwenda kwenye kikombe, thalosiani ikabaki kwenye majani. Siku ya tatu, ukiacha kutu, ilikuwa ya vivuli vya mezani na kutoa tepu.

Wengine wameniuliza kwa nini nisipige picha kwa simu. Nilipiga. Ukisogeza kamera karibu na tawi, jani la mbele linaonekana vizuri na la nyuma linapoteza ukali, maana lenzi inaona vizuri kwenye umbali mmoja tu kwa wakati. Isitoshe tawi moja halina mambo yote: jani bora lenye kutu lilikuwa tawi lingine. Mchoraji anaruhusiwa kuvikusanya. Wataalamu wa mimea bado wanatumia michoro kwa sababu hizo hizo.

Rangi itakayobaki

Mwaka 1888 wanakemia wawili wa Uingereza, William Russell na William Abney, walitoa ripoti ya kile jua linachofanya kwa rangi za maji, baada ya watu London kulalamika kwamba michoro ya makumbusho inafifia. Waliweka vipande vilivyopakwa rangi ndani ya mirija ya kioo na kuvianika. Rangi kadhaa zilizopendwa zilipotea, na unyevu pamoja na hewa vilichangia sana. Leo viwanda hupima kwa vipande vya sufu ya bluu vyenye madaraja 1 hadi 8, daraja la 8 likiwa ndilo lisilotishika.

Zinazodumu kuliko zote ni oksidi za chuma. Michoro ya mapangoni Kondoa, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, imekaa karne nyingi ikiwa na wekundu wa chuma. Ni chuma hicho hicho kinachoupa udongo wetu rangi, na kinachoitia kutu ngozi ya Kimondo cha Mbozi, bonge la tani 16 hivi ambalo karibu asilimia 90 yake ni chuma. Kwa hiyo chungwa ya doa la kutu ilichanganywa kwa hudhurungi ya oksidi ya chuma na njano ya oksidi ya chuma. Kutu kwa kutu, ukipenda.

Ukitaka kukipima kiboksi chako, paka mistari ya kila rangi kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa foili, kibandike dirishani kikitazama jua. Changu kina miezi mitano. Nyekundu ya kiboksi cha shule imekuwa waridi, zambarau imeondoka kabisa, hudhurungi ya chuma haijasogea. Bango lenyewe limetundikwa ukuta wa upande wa dirisha, ambako jua halifiki.